Kijembe cha Baba

Waliponijia wahariri wa kitabu chetu hiki cha mwaka na kunitaka niandike kurasa chache, niliwauliza, "Niandike nini mimi, niliyeendesha mabasi ya Leeds miaka 26?" Wakanijibu kwamba kila mwaka wanapata khabari za harusi, za Hija na za safari za nyumbani, lakini hakuna anayewafundisha watu kazi ya mkono. Basi ndugu wasomaji, mwaka huu nitakuelezeni namna ya kukitengeneza kisu cha kukunja kilichokaza au kinachokwaruza. Na kwa kuwa kazi hiyo nilijifunza baada ya kumkosea ndugu yangu, itanibidi nikusimulieni yote mawili kwa pamoja.

Kisu chenyewe kilikuwa cha marehemu baba yetu. Wazee wetu wa Unguja walikiita kijembe. Mpini wake ni wa mfupa uliogeuka rangi ya chai, na kina bapa moja tu, la inchi mbili na nusu. Karibu na kiungo pamepigwa neno linalosomeka mpaka leo: Sheffield. Baba alikuwa karani katika ghala la karafuu, na alikinunua Darajani kabla mimi sijazaliwa. Kazini alikatia kamba za magunia na kuchongea penseli. Jioni, akishakaa barazani, alimenyea machungwa. Alikuwa akilimenya chungwa zima kwa ganda moja lisilokatika, likining'inia kama utepe, nasi watoto tuligombea ganda hilo kuliko chungwa lenyewe. Kila Ijumaa asubuhi alikitia tone la mafuta ya nazi kwenye kiungo, akakifungua na kukifunga mara kadhaa, akakifuta kwa kitambaa, kisha akakirejesha mfukoni.

Mimi nilikuja Uingereza mwaka 1971. Baba alifariki mwaka 1994. Kwa desturi yetu alizikwa siku ile ile, na khabari zilinifikia huku ameshalazwa kaburini. Hilo halikuwa kosa la mtu. Lakini hata arobaini yake sikwenda. Nilimwandikia kaka yangu mkubwa kwamba kazini hawaniachii, naye hakunilaumu hata kwa neno moja. Shughuli zote alizibeba yeye, na kijembe cha baba kikabaki kwake.

Mwezi wa Julai 2012 kaka alikuja kututembelea. Siku ya tatu tulikaa bustanini nyuma ya nyumba, akatia mkono mfukoni na kukitoa kile kijembe. Alikuwa amekisafirisha ndani ya sanduku lililopakiwa chini ya ndege, maana kisu hakiruhusiwi kuingia nacho mtu ndani. Alikifungua bila ya taabu, akamenya chungwa kwa ganda moja mpaka mwisho, akakifuta na kunikabidhi. "Miaka 18 nimekuwekea," alisema. "Sasa kishike wewe." Sikuweza kumjibu. Nilikitia katika droo ya meza yangu, iliyo ukutani chini ya dirisha, kikae salama.

Ilipofika Disemba, mjukuu wangu aliniuliza khabari za wazee wetu, nikaenda kukitoa kisu nimwoneshe. Kikakataa kufunguka. Nilikivuta mpaka ukucha wa dole gumba ukapasuka. Nilipokilazimisha kilifunguka nusu, na ndani yake kikasaga kama mtu anayetafuna wali wenye mchanga. Mjukuu akasema, kwa Kiingereza, kwamba kisu kimekufa.

Jioni ile nilimpigia simu kaka. Ningeweza kumwuliza kwa wema, lakini nilimwambia hivi: "Kaka, kisu ulichonipa kimekwisha. Ulikuwa ukikitunza vipi miaka yote hiyo?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Wewe ndiye wa kuniuliza mimi nimetunza vipi?" Na simu ikakatika.

Kwa lugha yetu maneno ya kuchoma nayo huitwa kijembe. Siku ile nilimpiga kaka yangu kijembe kwa ajili ya kijembe cha baba. Tulikaa wiki tisa bila ya kusemezana, jambo ambalo halijapata kutokea tangu tuzaliwe.

Sasa nikuelezeni kisu kilivyoundwa, kwani asiyejua kitu kilivyofungwa hawezi kukifungua. Kisu cha kukunja cha namna hii hakina mambo mengi. Kuna bapa, ambalo mkia wake umetobolewa tundu. Kuna msumari wa ribiti unaopita katika tundu hilo, na juu yake ndipo bapa linapozunguka. Na mgongoni mwa mpini kuna kamani, yaani springi, ambayo ni ukanda wa chuma unaoukandamiza mkia wa bapa, ili kisu kikifunguliwa kikae wazi, na kikifungwa kisifunguke chenyewe mfukoni. Mkia na kamani husuguana kila kisu kinapotumika. Na baina ya bapa na mbavu za mpini nafasi ni ndogo sana, kama unene wa karatasi. Nyuzi za mfuko, vumbi, mchanga na maji ya chungwa vikishaingia hapo havina njia ya kutokea. Ndiyo maana kisu kilichokaza mara nyingi chuma chake hakina kosa lolote. Tabu ni kile kilichomo ndani.

Mimi sikuyajua hayo, nikashika koleo. Nilililibana bapa kwa koleo na kulivuta, likatoka ghafla, kisha kamani ikalirudisha kwa nguvu juu ya kidole changu cha shahada. Damu ilitoka nyingi, na alama mbili za meno ya koleo zipo juu ya bapa mpaka leo. Baba alikitumia kisu kile umri wake wote bila ya kukikwaruza, mimi nikakitia alama kwa dakika moja. Kwa hivyo somo la kwanza ni hili: usikilazimishe. Usitumie koleo wala bisibisi, wala usiupige ribiti nyundo ukidhani utalegea. Ribiti ukipigwa hutanuka kichwa, na kisu huzidi kukaza.

Mwisho wa mwezi wa Januari ndipo nilipojua sababu, na nilijua kwa bahati. Nilikuwa nimekitia kisu katika mfuko wa koti nikipeleke kwa fundi, kisha nikaghairi kwa ajili ya theluji, nikalitundika koti karibu na hita ya ukutani. Baada ya chakula cha mchana nilikigusa, kikafunguka. Hakikufunguka kwa wepesi, na kusaga kulikuwa kule kule, lakini kilifunguka. Nilifurahi, nikakirejesha katika droo. Asubuhi yake kimekaza kama mwanzo. Nikasema labda mzee huyu ananichezea.

Siku hiyo hiyo mke wangu aliniita jikoni nimtilie maji ya moto katika bakuli. Alikuwa na chupa yake ya mafuta ya nazi ya nywele, na mafuta yenyewe yalikuwa yameganda, meupe kama samli. Kila majira ya baridi huiweka chupa ndani ya maji ya moto mpaka mafuta yayayuke. Nimeyaona hayo miaka mingi wala sikuyatia maanani. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Kwetu Unguja joto si kawaida kushuka hapo, ila katika usiku wa kipupwe. Leeds, chini ya dirisha, mwezi wa Januari, hata nusu ya joto hilo hulipati.

Nilisimama na birika mkononi mpaka mke wangu akaniuliza nina nini.

Kaka alikuwa akifanya vile vile alivyofanya baba, tone moja la mafuta ya nazi kila Ijumaa. Mwezi wa Julai kisu kilikuwa ndani ya mfuko wake, kimepashwa moto na mwili wake, ndiyo maana kilifunguka. Mimi ndiye niliyekiweka mahali penye baridi kuliko pote nyumbani. Na zile mashaka zangu kwamba hakukitunza hazikuwa na msingi wowote.

Hata hivyo joto lilikuwa dawa ya kukaza tu. Kusaga kulitaka kisu kisafishwe, na hii ndiyo kazi niliyoahidi kukuelezeni.

Kwanza, tia maji ya vuguvugu katika bakuli pamoja na sabuni ya vyombo kidogo. Yasiwe maji ya kuchemka, kwani mpini wa mfupa, pembe au mti hupasuka, na usikiache kisu kikalala majini. Vuguvugu lile huyayusha mafuta yaliyoganda na sabuni huyaondoa. Kifungue na kukifunga polepole ndani ya maji, vidole vyako vikiwa nje ya njia ya makali. Kisha chukua mswaki mkongwe usugue ndani ya mfereji wa mpini, na kijiti cha meno kilichozungushiwa kitambaa chembamba uchokoe pembeni mwa kiungo. Mimi nilipochokoa nilitoa uzi wa kanzu, na tope jeusi lenye chembe za mchanga. Nililikamua juu ya karatasi nyeupe nikalitazama sana kabla ya kulitupa.

Pili, kikaushe papo hapo. Kifute kwa kitambaa, kisha kiache wazi mahali pakavu penye joto la wastani kwa saa kadhaa. Maji yakibaki kiungoni, utakuwa umeondoa uchafu na kuleta kutu.

Tatu, tia tone moja la mafuta ya cherehani kila upande wa kiungo, na jengine pale mkia wa bapa unapokutana na kamani. Fungua na ufunge mara 20 au 30. Utaona mafuta yanatoka meusi. Yafute, tia tone jengine, urudie. Mimi nilifanya hivyo kwa siku tatu, jioni baada ya jioni, mpaka mafuta yakatoka kama yalivyoingia. Hiyo ndiyo alama kwamba ndani pamesafika. Yale mafuta ya kupuliza ya kopo hufaa kulegeza kutu, lakini mwisho tia ya cherehani, kwani hukaa zaidi. Mafuta ya kupikia yaacheni jikoni, kwa kuwa mengi yao hugeuka ulimbo yakikaa. Na kama kisu utakitumia kwa chakula, lifute vizuri bapa kwanza, au badala ya mafuta ya cherehani tumia parafini nyeupe ya maji inayouzwa katika maduka ya dawa.

Nne, ukiona kutu nyekundu juu ya mkia wa bapa, lifungue nusu, tia mafuta, na usugue kidogo kidogo kwa pamba ya chuma laini kabisa, ile ya namba 0000. Usitumie tupa wala msasa mkali, kwani pale vyuma vinapokutana unene wa unywele mmoja una maana. Rangi ya kijivu au ya buluu juu ya bapa si kutu, iacheni. Chuma cha zamani hupata rangi hiyo kwa maji ya matunda, nayo haikidhuru kisu. Chuma kisichoshika kutu kiligunduliwa na Harry Brearley huko huko Sheffield mwaka 1913, lakini mafundi wengi waliendelea na chuma cha zamani kwa muda mrefu, na kijembe cha baba ni cha aina hiyo. Chuma kama hiki hunoleka upesi, na hushika kutu upesi.

Hapo ndipo niliposimamisha kazi. Nilipoosha lile tope lote, nikapiga tochi ndani ya kiungo, chuma kilikuwa kizima. Hapakuwa na shimo la kutu hata moja. Kwetu hewa ya bahari ina chumvi, na chuma cha namna hii ukikisahau masika moja tu, utakikuta kimeliwa. Miaka 18 ni zaidi ya Ijumaa 900. Mafuta yale niliyoyalaumu ndiyo yaliyokihifadhi kisu, na mkono uliokuwa ukiyatia ulikuwa wa kaka yangu.

Mwanamume mzima ningepaswa kushika simu saa ile ile. Sikushika. Nilijiambia kwamba bado nataka hakika, nikapanda treni kwenda Sheffield, safari ya saa moja tu kutoka Leeds. Mji ule umefua visu tangu karne nyingi, na chama cha wafua visu wake kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624. Katika jumba la makumbusho la Kelham Island, lililofunguliwa mwaka 1982, niliona karakana za mafundi waliokuwa wakifanya kazi wenyewe, kila mtu na meza yake na jiriwa yake. Wengi waliingia kazini wakiwa watoto. Fundi mashuhuri Stan Shaw, aliyefariki mwaka 2021, alianza akiwa na miaka 14.

Pale nilikutana na mzee mmoja, mgeni kama mimi, aliyewahi kuifanya kazi hiyo ujanani. Nilimwonesha kijembe. Alikiweka karibu na sikio, akakifungua na kukifunga, akisikiliza. Kisu kizima, aliniambia, hulia mara moja, mlio mkavu, kinapofunguka na kinapofungwa. Kikilia mlio wa kuburura, bado kina uchafu. Kisipolia kabisa, kamani imechoka au imevunjika, na hilo ni la fundi. Kadhalika ukiona bapa linasugua ubavu mmoja wa mpini, limepinda, usilinyooshe mwenyewe. Na vile visu vya siku hizi vyenye skurubu hufunguliwa kwa bisibisi yake, lakini cha ribiti kisafishwe kikiwa kizima. Kijembe cha baba kililia mlio mkavu. Mzee akanirejeshea, akaniuliza nani aliyekuwa akikitunza.

Katika treni ya kurudi niliona haya nafsi yangu. Nilifika nyumbani, sikuvua hata koti, nikampigia kaka.

"Kaka," nilisema, "kisu hakina kosa. Kosa ni la baridi ya huku, na la mdomo wangu." Nikamweleza khabari za mafuta ya nazi.

"Yanaganda?" aliuliza.

"Yanaganda kama samli."

Alicheka mpaka akakohoa. Alisema kumbe ilimu ya baba ilikuwa ya Unguja tu, ikivuka bahari haifai. Nami nilicheka. Kisha nikaona kwamba nisipoyasema siku hiyo sitayasema tena, nikamwambia, "Na ile arobaini, Kaka. Si kwamba walinikatalia kazini. Sikuwaomba. Pesa za tikiti nilinunulia gari."

Alinyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika tena.

"Nilijua," alisema. "Uliniletea picha ya gari mwezi ule ule." Kisha akaniuliza kama machungwa ya huku yana utamu.

Tangu siku ile mambo yetu ni mazuri, alhamdulillahi. Mwaka 2014 nilikwenda Unguja, nikasimama penye kaburi la baba nikiwa na kaka upande wangu. Yeye hivi sasa ni mzee wa miaka 81, na tunasemezana kila Ijumaa baada ya mimi kukitia kijembe tone lake la mafuta ya cherehani. Nilipompelekea chupa moja kama zawadi aliipokea, akampa mkewe aitie katika cherehani.

Neno moja la tahadhari kwa vijana. Kwa sheria ya mwaka 1988 ya hapa Uingereza, kisu cha kukunja ambacho makali yake hayapindukii inchi tatu na ambacho bapa lake halifungi kwa kifuli likifunguliwa, mtu anaweza kuwa nacho mfukoni. Kikizidi hapo, au kikiwa na kifuli, lazima uwe na sababu ya maana. Lakini hata kilichoruhusiwa si cha kuchezea, wala si cha kutishia mtu, na polisi hawatakuwa na subira ya kukusikiliza khabari za babu yako.

Mjukuu wangu siku hizi ana umri wa kutosha, na nimemfundisha kukiosha, kukikausha na kukitia mafuta. Kumenya chungwa bado. Ganda humkatikia nusu ya njia. Namwambia aendelee.

Na wewe msomaji, ikiwa una kisu cha mzee wako kilichokaza ndani ya droo, kitoe. Kipashe moto, kioshe, kikaushe, kitie mafuta, usiwe na haraka. Na kabla ya kumlaumu aliyekuachia, hebu kwanza tazama wewe umekiweka wapi.

Nawatakieni nyote, pamoja na jamaa zenu waliopo huku na waliobaki nyumbani, mwaka wa heri na afya.